Picha ya usiku imetikisika: tafuta chanzo kabla ya kulaumu mkono

Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, likiwahi au kukawia kwa robo saa hivi, na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, linashuka wima. Dakika 20 hivi baadaye anga limeshafifia, na mpiga picha anabaki na taa za barabarani, taa za maduka, makaa ya muuza mahindi na nganya (matatu zilizopambwa kwa taa na michoro) zinazopita zikimetameta. Huo ndio wakati mji huu unapendeza zaidi kwenye picha, na ndio wakati picha nyingi zinaharibika. Stendi ya miguu mitatu ingesaidia, lakini Tom Mboya Street saa moja jioni haina pa kuisimamisha, na ukiifungua mbele ya jengo kubwa soja (mlinzi) atakuja kukuuliza kibali. Kwa hiyo tunapiga kwa mkono. Inawezekana, tena vizuri sana, mradi ujue ni kitu gani hasa kinachokuharibia.

Nalisema hili kwa sababu ushauri tunaopeana kila siku, "shika kamera imara", unatibu tatizo moja tu kati ya kadhaa. Mtu anakaza mikono, anabana pumzi, anarudia picha ileile kumi, na zote zinatoka vibaya kwa sababu kamera haikuwa imesogea hata kidogo. Aliyesogea ni mpigwa picha. Au lenzi ililenga, yaani iliweka ukali wake, kwenye ukuta wa nyuma. Au kioo cha lenzi kina mafuta ya kidole.

Isome picha kwanza

Ikuze picha kwenye skrini mpaka mwisho, kisha tafuta nukta ya mwanga: taa ya mbali, taa ya pikipiki iliyosimama, hata mng'ao kwenye jicho la mtu. Nukta hiyo ndiyo shahidi wako.

Kama nukta zote za picha nzima zimevutika na kuwa vistari vya umbo moja na mwelekeo mmoja, kamera ilisogea. Kama taa na kuta zimetulia ila mtu amekuwa kivuli, mtu ndiye aliyesogea. Kama nukta zimevimba zikawa duara laini, lenzi haikulenga pale ulipotaka, na mara nyingi ukitafuta utaona kitu kingine, mbele au nyuma, ambacho ni kikali kama wembe. Kama nukta ni ndogo na kali lakini zimetoa miale mirefu au ukungu unaozizunguka, kioo ni kichafu. Na kama kuna mistari myeusi imelala kwenye picha, hiyo ni taa yenyewe.

Fanya uchunguzi huu palepale ulipo, si nyumbani. Ukifika nyumbani nganya imeshakwenda.

Nukta zote zimevutika upande mmoja

Kamera imesogea, ndiyo, lakini kabla ya kuusema mkono angalia spidi ya shata iliyotumika, yaani muda ambao pazia la kamera lilikuwa wazi. Kila kamera huiandika ndani ya picha. Bonyeza kitufe cha maelezo uione. Mara nyingi utakuta 1/15 ya sekunde au 1/8, na hapo hakuna ajabu yoyote. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kwamba spidi isishuke chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake): lenzi ya milimita 50, angalau 1/50; ya milimita 200, angalau 1/200. Kamera nyingi tulizo nazo, zile za bei ya kati, zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo kuliko filamu iliyozaa kanuni hiyo, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 kama ni Nikon, Sony au Fujifilm, na kwa 1.6 kama ni Canon. Milimita 50 zinakuwa kama 75 au 80, na spidi yako ya chini inakuwa 1/80. Isitoshe, kanuni hiyo ilitungwa watu wakitazama picha za kuchapishwa za ukubwa wa kiganja. Sensa ya megapikseli 24 ukiikuza inafichua kila kitu, na mimi huongeza tena maradufu kila mwanga unaporuhusu.

Kwa nini kamera ilichagua 1/15? Kwa sababu uliiacha ichague. Ikiwa otomatiki, au ukiwa umeifungia ISO (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga) kwenye 400, haina njia nyingine ya kupata mwanga ila kuacha shata wazi muda mrefu. Ingia kwenye menyu, washa ISO ya otomatiki, weka spidi ya chini kabisa iwe 1/125, na kikomo cha ISO kiwe 6400. Mpangilio huo mmoja unaokoa picha nyingi kuliko mbinu zote za kusimama nitakazozieleza hapa chini.

Najua pingamizi: ISO ikipanda, picha inajaa chenga, vile vidoadoa vya gizani. Ni kweli. Lakini chenga na mtikisiko si madhara ya daraja moja. Chenga zinakaa juu ya picha. Sura ya mtu ipo chini yake, nzima, na programu za kuhariri leo zinazipunguza vizuri. Mtikisiko umefuta sura yenyewe, na hakuna programu inayoweza kurudisha kope ambazo hazikurekodiwa. Ukichapisha picha, au ukiituma kwa WhatsApp ambayo inaipunguza ukubwa, chenga karibu zote hazionekani tena; mtikisiko unaonekana hata kwenye picha ndogo. Tena usidhani utaukwepa uamuzi huu kwa kupiga picha ya giza kwa ISO ndogo na kuipandisha mwanga baadaye kwenye kompyuta. Kwa kamera nyingi unapata chenga zilezile, au mbaya zaidi, zikiwa zimejazana kwenye vivuli.

Halafu tazama lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, hufunguka hadi f/3.5 ikiwa 18 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), lakini ukiivuta mpaka 55 haifunguki zaidi ya f/5.6. Mwanga unaopotea hapo ni zaidi ya nusu. Na ukiwa 55, mtikisiko uleule wa mkono unaonekana mara tatu zaidi ya ukiwa 18. Weka hayo mawili pamoja: ukirudisha lenzi hadi 18 na kusogea kwa miguu yako, umejipatia karibu hatua 3 nzima za usalama (kila hatua ni mara mbili), yaani karibu mara nane ya usalama uliokuwa nao, bila kununua chochote. Kwa muuza mahindi, kwa fundi viatu wa usiku, kwa mama anayefunga kibanda, kusogea karibu kuna faida nyingine pia: lazima umsalimie, umwombe. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukigeuza mahindi, nitakuonyesha." Mtu aliyekubali hutulia.

Ukipata pesa ya kununua kitu kimoja, nunua lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8. Ni miongoni mwa za bei nafuu karibu kila kampuni, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya f/5.6. Stendi inaweza kusubiri.

Kidhibiti mtikisiko kina msaada wa kweli. Tazama herufi kwenye lenzi: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, OS kwa Sigma, VC kwa Tamron, na kamera nyingi mpya zinacho ndani, sensa yenyewe ikielea. Kikiwa cha hatua 4, spidi iliyokuwa 1/50 inaweza kushuka hadi 1/3 kwa kitu kisichosogea. Ila mambo mawili yanasahaulika. Kwanza, kinahitaji muda wa kutulia: bonyeza kitufe nusu, hesabu moja, ndipo umalize. Wanaobonyeza mara moja kwa haraka wanakipiga kikiwa bado kinajipanga. Pili, kinadhibiti mkono wako tu. Kwa mtu anayetembea hakina habari.

Sasa mwili

Hapa ndipo wengi huanzia, na mimi nimepaacha mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu spidi ikiwa sawa mwili unabaki na kazi ndogo.

Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu, kamera ikae juu yake. Kushika lenzi kwa pembeni kunaacha uzito wote kwenye mkono wa kulia, ule ule unaobonyeza. Viwiko vibane mbavu. Kama kamera yako ina tundu la kuchungulia, litumie, uligandamize kwenye nyusi. Hapo una sehemu tatu za kushikilia badala ya mbili. Kama ina skrini tu, vaa mkanda shingoni, sukuma kamera mbele mpaka mkanda ukaze, na uendelee kuukaza wakati unapiga. Inafanya kazi hata kwa simu yenye kamba.

Mguu mmoja mbele, magoti yalegee kidogo. Toa pumzi, usiibane. Kubana pumzi muda mrefu kunaukaza mwili na mikono inaanza kutetemeka. Piga pale mwisho wa kutoa pumzi, kabla hujavuta nyingine.

Kidole ndicho mkosaji mkubwa. Ukikuta vistari vya nukta vimesimama wima, au karibu wima, ulikichoma kitufe. Kidole kikae juu ya kitufe tangu mwanzo, kikandamize polepole mpaka shata ifunguke karibu bila wewe kujua. Kisha weka kamera kwenye upigaji wa mfululizo na uachie picha tatu au nne kwa pamoja. Ya kwanza inabeba mshtuko wa kubonyeza, ya mwisho mshtuko wa kuachia, na ya katikati mara nyingi ndiyo safi. Huu ndio mtindo ninaoupendekeza kuliko mingine yote ya mwili, kwa kuwa unafanya kazi hata ukiwa umechoka, hata Julai baridi ikikutetemesha.

Ukiweza kuegemea, egemea. Nguzo, ukuta, mlango wa duka lililofungwa. Bega na nyonga viguse, si bega peke yake. Mwambie mwenye eneo: "Mkubwa, naomba niegemee hapa dakika moja." Karibu kila soja atakubali ukiomba kabla ya kutoa kamera, na karibu kila mmoja atakataa ukiomba baada. Ukikaa chini, viwiko vipite mbele kidogo ya magoti, nyama ya mkono juu ya goti; mfupa juu ya mfupa unateleza.

Kuta na taa zimetulia, mtu ni kivuli

Usiguse chochote kuhusu mkono wako. Unahitaji spidi au subira.

Kwa mtu aliyekaa akisikiliza, 1/60 inatosha. Anayeongea kwa mikono anataka 1/125. Anayetembea, 1/250 ni salama. Anayecheza ngoma au anayeruka kwenye kesha la kanisani, 1/250 hadi 1/500. Matatu inayopita barabarani mjini inataka 1/500 na zaidi, mwanga ambao usiku huna.

Ndipo subira inapoingia. Kila mwendo una kituo chake. Mchezaji akifika kilele cha mruko anasimama hewani kitambo kidogo kabla ya kushuka. Mhubiri akimaliza sentensi hutulia kuangalia waumini. Muuza mutura (soseji ya kienyeji) akishakata kipande cha mwisho, mkono na kisu vinasita kabla ya kuinuka. Kondakta anayening'inia mlangoni husogea sana matatu ikianza kuondoka, lakini akiita abiria ikiwa imesimama, anakuwa tuli kuliko unavyodhani. Tazama mwendo ukijirudia mara kadhaa, ukariri mdundo wake, kisha piga kwenye kituo. Hata 1/30 hushika vitu hapo.

Kama kitu hakisimami kabisa, geuza tatizo. Simama pembeni mwa barabara mahali salama, weka 1/20 au 1/30, ifuate nganya kwa kiuno chako kizima tangu mbali, piga ikifika mbele yako na uendelee kuifuata baada ya shata kufunga. Gari litabaki na umbo na taa za mandhari iliyo nyuma yake zitakuwa mistari. Zima kidhibiti mtikisiko, au kiweke kwenye hali ya kufuata kama lenzi inayo. Vinginevyo kitapigana na mwendo wako. Picha nyingi zitaharibika. Hiyo ni kawaida ya mtindo huu.

Nukta zimekuwa duara, na kitu kingine ni kikali

Lenzi imelenga mahali pasipo sahihi. Gizani kamera hutafuta mstari wenye tofauti kubwa ya mwanga na kivuli, na ikiukosa usoni inaukamata nyuma: ubao wa duka, dirisha la matatu, nyaya za umeme. Usiiachie ichague. Weka nukta moja ya kulenga, ya katikati, ambayo kwenye kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) huwa ndiyo yenye nguvu kuliko za pembeni, na uilenge kwenye ukingo: kola ya shati, fremu ya miwani, mpaka wa nywele na paji la uso. Ikigoma kabisa, mwombe mwenzako amulike uso kwa tochi ya simu, lenga, azime, upige.

Ukishafungua lenzi hadi f/1.8 kuna mtego mwingine. Ukiwa na milimita 50 kwenye sensa ndogo, na mtu yuko mita moja na nusu, eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu kwa kina. Ukilenga jicho kisha ukayumba mbele kidogo unapobonyeza, ukali umehamia masikioni. Watu huiita picha hiyo imetikisika, na haikutikisika. Dawa yake ni kuegemea, kupiga mfululizo, au kufunga lenzi hadi f/2.8 na kulipa kwa ISO.

Umeegemea kitu na bado picha inatikisika

Kitu chenyewe kinatikisika. Daraja la wapita njia juu ya Thika Road, tuseme pale Roysambu, ni mahali pazuri mno pa kupiga mistari ya taa za magari, na ukiweka kamera kwenye reli ya chuma utadhani umemaliza kazi. Kumbe lori likipita chini, na hata watu wakipita kwa haraka nyuma yako, reli inatetema. Weka kiganja juu ya reli usikilize. Subiri mwanya kati ya watu, au sogea karibu na nguzo inayoshika daraja, kwa kuwa katikati ndipo linapocheza zaidi.

Ndani ya matatu ni kinyume cha unavyotarajia: usiegemeze kiwiko dirishani injini ikiwa inanguruma. Mtetemo wa bodi unapita moja kwa moja hadi kwenye kamera. Kaa bila kuegemea mgongo, viwiko kwenye mbavu, mwili wako uumeze mtetemo. Na simu isikaribie dirisha lililo wazi, kwa sababu unazozijua. Jenereta kwenye hema la sherehe hufanya vivyo hivyo kwa meza na nguzo zote za jirani.

Mtetemo unaweza pia kutoka ndani ya kamera. Zile zenye kioo huinua kioo hicho kwa kishindo, na kati ya 1/30 na 1/4 hivi kishindo hicho kinaonekana kwenye picha. Piga kwa skrini badala ya kuchungulia, na kwa kamera nyingi kioo kitakuwa kimeshainuka. Zisizo na kioo, tafuta kwenye menyu pazia la kwanza la kielektroniki uliwashe. Na kamera ikiwa imelala kwenye kitu kigumu, tumia saa ya sekunde 2 ili kidole kisihusike, na uzime kidhibiti mtikisiko hasa kama lenzi ni ya zamani, kwani kikikosa mtikisiko wa kutibu huweza kuleta wake.

Mistari myeusi imelala kwenye picha

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki ya kimya, ambayo kanisani inavutia kuitumia, inasoma sensa mstari kwa mstari na kuunasa mfifio huo. Rudi kwenye shata ya kawaida, au tumia 1/100 au 1/50. Taa za LED za nganya na mabango makubwa ya matangazo hazifuati hesabu hiyo. Hapo jaribu spidi moja baada ya nyingine mpaka mistari iondoke.

Miale na ukungu kwenye taa

Angalia skrini kabla ya kupiga. Kama miale ipo tayari wakati unalenga tu, si mtikisiko, ni mafuta ya kidole. Futa kioo kwa kitambaa laini cha pamba. Ondoa na kile kichujio cha bei nafuu ulichofunga mbele ya lenzi kwa ulinzi. Usiku kinazaa taa za mzuka.

Ukitumia simu

Hali ya usiku ya simu haipigi picha moja. Inachukua nyingi kwa sekunde kadhaa na kuzilaza moja juu ya nyingine, kwa hiyo kosa kubwa ni kushusha mkono pale unaposikia mlio wa kwanza. Kaa mpaka mduara wa kuhesabu uishe. Na kwa sababu hiyohiyo haifai kwa watu wanaosogea. Kwa mtu anayecheza, izime, tafuta taa, umweke mtu aitazame.

Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Lenzi ya upana na ile ya kuvuta kwa kawaida huingiza mwanga mdogo, na simu nyingi gizani huacha lenzi ya kuvuta kimyakimya na kukuzia tu picha ya lenzi kuu. Shika kwa mikono miwili, piga kwa kitufe cha sauti, au cha sauti kwenye waya wa spika za masikio kama simu yako inakubali. Programu ya bure iitwayo Open Camera, kwa Android, inakupa kuchagua spidi na ISO mwenyewe kwenye simu zinazoruhusu. Na ukiiegemeza simu kwenye chupa ya soda juu ya meza ya kibanda na kuweka saa ya sekunde 3, umepata stendi.

Vitu vya kubeba badala ya stendi

Mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya ndengu ndio ninaoupenda kuliko vyote. Usiujaze, robo ibaki tupu ili kamera izame na ndengu ziukumbatie mwili wake. Uweke juu ya ukuta, boneti ya gari lililozimwa, kiti cha ukumbini. Ukiwa Uhuru Park jioni, jengo la KICC likianza kuwashwa taa, mfuko huo juu ya ukuta mfupi unakupa hata sekunde nzima ya shata. Leso iliyokunjwa mara nne inafanya nusu ya kazi hiyo na haina uzito.

Kingine ni kamba. Tafuta bolti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, fupi, ndiyo saizi ya tundu lililo chini ya kamera. Maduka ya hadiwea na mafundi wa Kirinyaga Road wanazo. Funga kamba ndefu kuliko kimo chako, ikanyage ncha ya chini, inua kamera mpaka kamba ikaze kabisa, piga ukiendelea kuivuta. Inazuia kuyumba juu na chini, na kwa wengi inaongeza hatua moja ya usalama. Angalizo: bolti ya milimita 6 inafanana na hiyo sana machoni lakini meno yake yamekaribiana zaidi, na ukiilazimisha itaharibu nyuzi za tundu. Bolti ya kweli inaingia kwa vidole viwili bila nguvu. Na isiwe ndefu. Tundu ni fupi, ukikaza bolti ndefu mpaka mwisho unasukuma chini ya kamera.

Ikiwa bado

Tenganisha wewe na mashine. Nyumbani, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera juu ya mfuko wa ndengu mezani, saa ya sekunde 2, 1/10, kidhibiti kikiwa kimezimwa. Herufi zikitoka kali, lenzi na ulengaji ni vizima. Kisha ishike mkononi, piga mfululizo kwa 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, kwanza bila kidhibiti, halafu nacho. Spidi ambayo nusu ya picha zinaanza kuharibika ndiyo mpaka wako wa kweli kwa lenzi hiyo. Iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mfuniko wa lenzi. Kama kidhibiti hakileti tofauti yoyote, au kinazidisha ubaya, au lenzi inatoa mlio wa kukwaruza ukibonyeza nusu, mpelekee fundi wa kamera, na uende na picha za majaribio ili aone mwenyewe.